Masale Niliyoyang'oa

Kwa miaka kumi na mitatu kazi yangu ilikuwa kuwashuku wanawake wenzangu. Nilikaa getini kwenye kiwanda kimoja cha vitambaa mjini Moshi, ndani ya kibanda chenye pazia, na kila zamu ilipotoka walipita mbele yangu mmoja mmoja, mikono juu. Niliwapapasa kiunoni na kwapani. Niliwavua vilemba. Nilifungua vyombo vya chakula vilivyokuwa vitupu na kuvichungulia. Nimekuta nyuzi zimezungushwa mapajani. Nimekuta kipande cha shuka ndani ya nepi ya mtoto mchanga, na mama yake akinitazama kwa macho ya upole kabisa. Kwa hiyo mtu akiniambia nina roho mbaya, huwa namjibu kwamba roho yangu ilikuwa kama ya watu wote, ila ilifundishwa kazi.

Kisha likaja neno la ubinafsishaji. Wageni walikuja na makaratasi, wakazunguka wakionyeshana mashine kwa kalamu, na baada ya miezi michache tukaambiwa kiwanda kinafungwa kwa muda. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika miaka mingi kabla, na mtoto sikujaliwa. Nikajaribu kuuza mitumba Kiborloni, lakini kila mwanamke aliyejipima gauni nilimkazia macho mpaka akalirudisha na kwenda meza ya pili. Mwisho nikafunga chumba changu cha Pasua kwa kufuli, nikapanda mlimani kwa mama, Kirua Vunjo.

Mama alikuwa anaishi peke yake. Baba alishafariki, na mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mwisho, alikuwa Dar es Salaam na familia yake. Kwetu kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya ukoo, humwangukia mtoto wa mwisho wa kiume. Binti huondoka kwenda kwa watu. Akirudi hupokewa vizuri, hupewa chakula na kitanda, na baada ya wiki mbili watu huanza kumwuliza anaondoka lini. Mama hakuniuliza. Alinitengea chumba cha mbele, akanipa jembe, na akaendelea na mambo yake. Nilishuku hata hilo. Nilidhani ananionea huruma, nami huruma siipendi.

Lakini aliyeninyima usingizi hasa ni jirani. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama, mjane, mrefu na mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha. Kihamba chake kilipakana na chetu upande wa chini. Kila asubuhi, kabla jua halijatoka, alimwita mama kutoka kwake, naye mama akaitika kutoka kwetu. Hawakusema zaidi ya hapo. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wanahakikishiana kwamba kila mmoja ameamka mzima, lakini wakati ule niliona ni namna ya kuchunguza kama mwenye nyumba bado ana nguvu.

Baada ya kuitana, alikuja. Alipita katikati ya kahawa bila hodi, kamba begani na panga mkononi, akakata majani ya migomba yetu na matete ya kwenye kingo kwa ajili ya ng'ombe wake, akajitwika, akaondoka. Jioni alileta maziwa kwenye chupa ya chai. Mimi nilisimama dirishani nikitazama ule mzigo wa majani na kujiuliza kuna nini katikati yake. Siku moja nilimfuata mpaka kwenye njia na kumwambia nimsaidie kubeba. Nikaushika mzigo, nikaupapasa. Ulikuwa majani matupu.

"Umeona nini humo?" akaniuliza.

"Nilikuwa napima uzito tu, mama."

"Mm," akasema, akajitwika mwenyewe.

Nilipomwambia mama kwamba huyu mtu anachukua majani yetu kila siku, mama alicheka mpaka akakohoa. "Na samadi unayoweka kwenye migomba unadhani inatoka kwa ng'ombe gani?" Sisi hatukuwa na ng'ombe. Sikuwa nimewahi kujiuliza samadi ile inatoka wapi, mimi niliyejiuliza kuhusu kila kitu kingine.

Na sasa niseme jambo ambalo nilikuwa naona aibu kulisema. Katika miezi ile nilianza kuwa na raha. Ilinijia kidogo kidogo, na sikuipenda. Nilikuwa nikichimbua mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu msituni, zamu yetu ilipofika, na maji yakaingia shambani yakiwa baridi mpaka mifupa inauma, nami nikajikuta nimesimama ndani yake bila sababu, jembe begani, nikiyasikiliza yanavyozama kwenye udongo. Nilipogeuza majani makavu chini ya migomba nilikuta nyungunyungu wanene na nikafurahi kama nimepewa zawadi. Usiku nililala bila kuota geti. Nilijua namna ya kuishi na hasira, lakini raha ya aina ile ilinitia wasiwasi. Kwa uzoefu wangu, mtu anapoanza kulegea ndipo anapoibiwa.

Mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa bado hazijakatika, nilishuka Moshi kumalizana na kile chumba cha Pasua. Nilikaa siku mbili, nikauza kitanda, nikafunga masufuria kwenye kanga. Nilirudi siku ya tatu alasiri. Mama alikuwa amelala. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua kwa sababu ya baridi, nami sikutaka kumwamsha. Nikateremka shambani kuangalia kama ndizi mshare nilizoacha zimekomaa.

Hapo ndipo nilipoyaona. Masale matano, machanga, yamepandwa kwa mstari ulionyooka ndani ya kihamba chetu, kuanzia kwenye mti mkubwa wa mfuruanje mpaka ukingoni mwa mfongo. Udongo wake ulikuwa bado mbichi, umeshindiliwa kwa mguu.

Mtu wa mlimani hahitaji kuelezwa, lakini wasomaji wengine huenda wakahitaji. Isale ni mmea wenye shina jembamba na majani marefu ya kijani, hauna tunda wala ua la kujivunia, na hakuna kwetu mmea unaoheshimiwa kuliko huo. Ukipandwa kwa mstari, ni mpaka. Serikali inaweza kuja na ramani zake, lakini wazee wakiona isale wanauliza nani alilipanda na nani alishuhudia, na mambo yanaishia hapo. Tena jani lake likifungwa fundo na kupelekewa mtu uliyemkosea, ni kuomba msamaha, naye akishalipokea hawezi tena kukataa. Kung'oa isale la mpaka ni jambo zito. Hufanywa mbele ya watu, baada ya maneno mengi na pombe ya mbege.

Mstari ule ulikata kona ya chini ya kihamba chetu. Ndani ya kona kulikuwa na kahawa za zamani, migomba kama ishirini, na kijia cha kwenda kwenye maji. Na upande wa pili wa kona ile, bila kitu katikati, kulikuwa kwa jirani.

Sikuhitaji kufikiri. Yote yalijipanga kichwani kwa haraka: mama mzee, mgonjwa, mtoto wa kiume yuko mbali, binti ameshuka mjini siku mbili tu. Ile sauti ya kila asubuhi, yale maziwa ya kila jioni. Nilijiambia, basi ni hivi ndivyo wanavyofanya. Na nitakiri kwamba pamoja na hasira nilisikia kitu kama faraja. Nilikuwa nimerudi kwenye dunia ninayoijua.

Niliyang'oa yote matano kwa mikono yangu. Hayakuwa yameshika, yalitoka kirahisi. Nikafukia mashimo, nikatandaza majani makavu juu yake, kisha nikayatupa masale upande wa jirani, kwenye njia yake, mizizi juu. Ningeweza kumwuliza mama. Nyumba ilikuwa hatua mia moja kutoka pale. Lakini katika kazi yangu hatukuwahi kuuliza kwanza.

Asubuhi jirani aliita, mama akaitika kwa sauti ya kukwaruza. Nikatoka nikasimama kwenye njia. Alikuja na kamba yake, na mkononi ameshika masale mawili kati ya yale matano.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu hata ukitaka kugombana na mtu mzima lazima uanze na hiyo.

"Marahaba. Nani ameyang'oa haya?"

"Mimi. Na ukiyapanda tena nitayang'oa tena. Mama yangu ni mzee, lakini mimi nipo, na macho yangu yanaona. Mwizi hata akileta maziwa ni mwizi."

Neno hilo nililisema. Limetoka kinywani mwangu, na sina wa kumsingizia.

Hakupandisha sauti. Aliweka panga chini, akaweka kamba, akaweka masale juu ya kamba. Kisha akainua mikono yake yote miwili juu, mabega yakatetemeka kidogo kwa uzee, akasimama hivyo mbele yangu kwenye umande.

"Nikague," akasema. "Si ndiyo kazi yako? Nikague, uone nimebeba nini cha kwenu."

Sikumkagua. Sikumwambia ashushe mikono pia. Aliishusha mwenyewe, baada ya muda.

"Umemwuliza mama yako?"

"Mama anaumwa. Usimsumbue."

Alinitazama kana kwamba anapima kitu. Akaokota vitu vyake akarudi kwake. Nilirudi ndani nikiwa nimeshinda. Nilikunywa chai vikombe viwili.

Kesho yake hakuita. Mama alisubiri amekaa kitandani, shingo imegeukia dirishani. Mwisho akaita yeye, mara mbili, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

"Amekwenda wapi?" akaniuliza.

"Nasikia amekwenda Bomang'ombe, kwa mwanaye."

"Bila kuniaga?"

"Alikuja ukiwa umelala."

Ulikuwa uongo mwepesi, na niliuongeza kila siku: mjukuu anaumwa, hakuna usafiri, barabara ina matope. Mama aliusikiliza wote. Alikuwa mtu aliyenijua tangu nikiwa tumboni, na sidhani kama aliamini hata neno moja, ila hakuwa na nguvu za kubishana. Baridi ya mwezi wa sita ilikuja na ukungu uliokaa mpaka saa sita mchana. Nilimpeleka hospitali, tukapewa dawa, tukarudi. Nilimpikia mtori mwepesi nikamlisha kwa kijiko.

Siku moja mchana, jua limejitokeza kidogo, aliniomba nimkalishe mlangoni. Akatazama migomba kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniagiza chumvi:

"Umeyaona masale?"

Nikamfunika miguu kwa kanga.

"Kule chini, kuanzia kwenye mfuruanje. Nilimwomba jirani anipandie ulipokuwa mjini. Isale lipandwe na mtu mnayepakana naye, ndipo linakuwa na shahidi. Kona ile ni yako. Mdogo wako akija Krismasi nitamwambia mbele ya shahidi huyo. Nilimwambia jirani asikuambie, nikijua wewe utaanza kuuliza maswali." Akacheka kidogo. "Una maswali mengi sana, mwanangu. Umeyaona lakini?"

"Nimeyaona, mama."

"Yameshika?"

"Yameshika. Yanapendeza."

Akafumba macho juani, ameridhika. Siku ya nne baada ya hapo alifariki, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Nimeshawasimulia watu wengi habari za kifo cha mama, lakini maneno yale mawili, yameshika, yanapendeza, sikuwahi kumwambia mtu mpaka leo ninapoyaandika. Sijui kama ni dhambi. Nilipokwenda kuungama sikuyataja.

Jirani alikuja kabla ya watu wengine. Sijui nani alimwambia. Labda hakuna aliyemwambia. Alimwosha mama, akamsuka nywele mistari minne, akamvalisha gauni lake la Pasaka, akifanya yote hayo bila kuniomba kitu chochote zaidi ya maji ya moto. Alinipita mara kumi mlangoni na hata mara moja hakunigusa. Watu wa jumuiya ya kanisa walikuja na kuni, na ndizi, na maturubai. Mdogo wangu alifika na basi la usiku, amevimba macho. Tulimzika pembeni ya baba. Wazee wa ukoo wakapanga kikao siku ya nne baada ya maziko, kuzungumzia nyumba na shamba.

Siku ya tatu jioni nilikata jani la isale kutoka kwenye kaburi la bibi yangu, nikalifunga fundo, nikateremka kwa jirani. Alikuwa kwenye zizi. Nilipomnyooshea lile jani alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, upesi, kama mtoto anayekatazwa kugusa moto. Alijua likimgusa tu, jambo limekwisha.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Kikao ni kesho," akasema.

"Ndiyo."

"Na shahidi wa ile kona ni mimi."

"Ndiyo, lakini..."

"Ngoja. Nikuulize swali moja tu, wewe unayependa maswali. Umekuja kwa sababu ya kosa, au umekuja kwa sababu ya shamba?"

Nilitaka kusema kosa. Neno lilifika kwenye meno. Lakini kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa nimesikiliza watu wakijibu haraka, na nilijua jibu la haraka linavyosikika. Nikajikagua mwenyewe pale pale, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na sikupenda nilichokikuta.

"Sijui," nikasema.

"Angalau hujaniongopea," akasema. "Nenda nyumbani. Rudi siku ambayo hunihitaji."

Nilipanda kurudi na jani langu mkononi. Njiani nilimkasirikia sana. Nilijiambia kumbe ndivyo alivyo, analipa kisasi, anafurahi kunishika pabaya. Nilijaribu kuendelea kumshuku mpaka nikafika mlangoni, lakini shuku zangu zilikuwa zimeisha nguvu, hazikunibeba.

Kikao kilifanyika uani, wanaume kwenye viti, sisi wengine kwenye mikeka. Jirani alikuwa pamoja na wanawake upande wa jiko, anamenya ndizi. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno. Baba mkubwa aliuliza kama marehemu aliacha neno lolote. Watu wote wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naye.

"Aliacha," nikasema. "Alinigawia kona ya chini, kuanzia kwenye mfuruanje. Akaipandia masale."

"Yako wapi?" mdogo wangu akauliza. "Nimepita kule jana, sikuona kitu."

"Niliyang'oa."

Nikaeleza yote, isipokuwa jina la aliyeyapanda. Nilieleza kwamba nilimdhania vibaya mtu, kwamba sikuuliza, kwamba nilimwita mtu huyo jina asilostahili. Mmoja wa wajomba aliguna. Mke wa mdogo wangu alitazama chini.

"Nani alishuhudia yakipandwa?" baba mkubwa akauliza.

Nilitazama upande wa jiko. Kisu cha jirani kilikuwa kimesimama juu ya ndizi. Alikuwa akinitazama moja kwa moja, na sikuweza kusoma uso wake. Ningeinua kidole tu, na nina hakika angesema kweli, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha kweli anapoulizwa. Kona ingekuwa yangu, nayo sauti yake ingekuwa kitu nilichomnyang'anya baada ya kumwita mwizi.

"Sina shahidi," nikasema.

Kisu kikaendelea kumenya.

Baba mkubwa alifikiri, akashauriana na wenzake kwa Kichagga cha chinichini, kisha akasema kile nilichokuwa nakijua. Isale likipandwa kwa ajili ya mtu, na mtu yule yule akaling'oa kwa mkono wake, ameikataa zawadi, hata kama hakujua. Kihamba chote ni cha mdogo wangu. Mdogo wangu si mtu mbaya. Alinishika bega akasema, "Dada, wewe kaa tu hapa kwa sasa. Nani anakufukuza?" Nilisikia ile "kwa sasa." Siku mbili baadaye wakarudi Dar, na mimi nikabaki na kihamba ambacho si changu, na nyumba yenye vitanda viwili.

Wiki zile zilikuwa ngumu, sitazipamba. Asubuhi hakuna aliyemwita mtu. Niliamka, nikawasha moto, nikapika ndizi za mtu mmoja, nikala nimesimama. Nilifanya kazi ya shamba ambalo lingeweza kuchukuliwa Krismasi yoyote, na ajabu ni kwamba sikuweza kuacha. Nilipogoa kahawa. Nilisimika nguzo kwenye migomba iliyozaa. Pale chini kwenye kona nilipalilia zaidi kuliko kwingine, nikizunguka yale mashimo matano ambayo mimi peke yangu nilijua yalipo. Mara nyingine nilizungumza kwa sauti, nikajikuta nabishana na mama, na mara moja nilimshinda. Samadi ilianza kupungua. Sikuwa na ujasiri wa kuiomba.

Na raha ilirudi, kwa nyakati zake, bila kuniomba ruhusa. Ukungu ulipoinuka ghafla na kilele cha Kibo kikaonekana chote juu ya migomba, kimeoshwa, nilisimama na jembe langu nikakitazama, na nikatamani kumwambia mtu, "Hebu ona." Hapo ndipo iliponiuma. Raha ile, hata nilipoacha kuishuku, ilikuwa inatafuta mtu wa kuambiwa.

Mwezi wa nane mwishoni nilikata tena jani. Sikuchagua siku. Nilikuwa napalilia, nikaacha jembe limechomekwa ardhini, nikalikata, nikalifunga fundo, nikateremka na matope miguuni.

Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Alinitazama nikija njia nzima na hakusema kitu mpaka nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akalitazama jani. "Mdogo wako anakuja?"

"Haji mpaka Krismasi."

"Wazee wamekutuma?"

"Hapana. Hawajui."

"Samadi imekuishia?"

"Imeisha. Lakini sikuja kwa hilo."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu," nikasema.

Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu, na kutoka kwenye mfongo maji yalisikika yakiteremka kwa watu wa chini. Nilijua anavyonitazama. Anatafuta kilichofichwa.

Habari ya kona niimalize hapa, ili isimwache mtu akisubiri. Mpaka leo ni ya mdogo wangu, na mpaka leo mimi ndiye ninayeilima. Jirani hakuwahi kusimama mbele ya kikao kwa ajili yangu, na mimi sikuwahi kumwomba.

Lakini pale mbele ya ungo wa maharage, niliposema sitaki kitu, nilisema uongo. Nilikuwa namhitaji kuliko ile jioni ya kabla ya kikao. Ilikuwa imepita miezi miwili bila mtu kuniuliza nimelalaje, na ningepiga magoti kwenye yale matope ili aniulize. Alijua ni uongo. Niliona usoni mwake kwamba amejua, na nikasubiri anifukuze.

Akaweka ungo chini. Akafuta mikono yake kwenye kanga, yote miwili, akanyoosha na kulipokea jani.

"Kaa," akasema. "Maharage haya yana mawe mengi, na mimi macho yameanza kunisumbua."